Mwinyi, Fumo, Seyyid, Sultani: Mabadiliko ya Majina ya Enzi na Alama za Utawala katika Pwani Yetu

Babu yangu, aliyeishi Shanzu na kuzikwa Shanzu, hakuwa akisema kwamba nchi hii ni ya Serikali. Alikuwa akisema ni "nchi ya Seyyid". Alisema hivyo hata katika miaka ya 1990, wakati ambapo Seyyid wa mwisho wa Unguja alikuwa amekwisha kukaa Uingereza kwa zaidi ya robo ya karne. Nami nikiwa mtoto nilidhani kwamba Seyyid huyo ni mwenye shamba jirani aliyesafiri, na kwamba siku moja angerudi kuangua nazi zake. Nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili, nikapata fursa ya kusoma habari za mikataba ya karne ya kumi na tisa, niligundua kuwa kosa langu la utotoni halikuwa kubwa sana. Mabalozi na wanasheria wa Ulaya nao walimchukua Seyyid kuwa mwenye shamba, wakatiliana saini naye juu ya dhana hiyo.

Makala haya yanachunguza majina waliyoitwa watawala wa pwani yetu na alama zilizotambulisha enzi zao, kutoka zama za Mwinyi hadi kushushwa kwa bendera nyekundu mwaka 1963. Rai yetu ni kwamba jina la enzi halikubadilika kwa sababu ya mtawala mwenyewe tu. Aghalabu lilibadilika kwa kuwa msikilizaji wake amebadilika. Na kila lilipobadilika, uhusiano wa mtawala na ardhi ulibadilika nalo. Wanahistoria wameshughulikia zaidi vita na biashara, wakayaacha majina yapite kama kwamba ni mapambo. Mwanafunzi wa lugha hawezi kuyaacha yapite hivyo.

Tuanze na neno nembo. Leo tunalitumia kwa ngao ya taifa letu yenye simba wawili, jogoo, na neno Harambee lililoandikwa chini yake. Lakini kabla ya kupewa kazi hiyo, nembo ilikuwa ni alama ya kuchanjwa mwilini, iliyomjulisha mtu kuwa wa kabila au ukoo fulani. Hii ni tofauti kubwa na desturi ya Ulaya, ambako alama ya ukoo ilichorwa juu ya ngao ya vita, kitu kinachoshikwa mkononi na kuwekwa chini. Nembo ya asili haiwekwi chini. Watawala wa miji ya Waswahili hawakuwa na ngao zilizochorwa. Walikuwa na vitu vya kusikika: ngoma na siwa. Enzi ya Mswahili ilitangazwa kwa sikio kabla ya jicho, na bendera ni mgeni aliyekuja baadaye.

Katika majina, la kale na lenye maana pana zaidi ni Mwinyi. Si jingine ila mwenye, kwa sura yake ya zamani. Hapa inafaa tusimame kidogo. Katika Kiswahili cha leo cha mahakamani, mwenye shamba ni mtu awezaye kuliuza. Lakini lugha yenyewe haisemi hivyo. Mwenye mji hauzi mji. Mwenye ngoma hauzi ngoma. Na kutokana na mzizi huo huo tumepata mwenyeji, yaani mtu ambaye mahali ni pake na yeye ni wa mahali hapo. Mwinyi basi alikuwa wa kwanza miongoni mwa wenyeji. Alipewa sehemu ya mavuno, aliamua mashauri, aliruhusu mgeni kulima. Kuuza hakukuwamo.

Jina hili lilifika kilele chake Unguja, kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja hakumwondoa. Aliyekuwa na jina akaachiwa jina, pamoja na sehemu ya utawala juu ya watu wake. Wa mwisho mwenye nguvu, Muhammad bin Ahmad, alijenga jumba lake Dunga, katikati ya kisiwa, akafariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873, na cheo kikazikwa naye. Ngoma na siwa za Dunga zikaishia katika makumbusho. Ama neno lenyewe halikufa: lilishuka kutoka kwenye cheo likawa jina la mtu wa kawaida, na kwa njia hiyo likarudi Ikulu, kwa Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Rais wa Tanzania kutoka 1985 hadi 1995, kisha kwa mwanawe Hussein Mwinyi aliyeapishwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020. Ni nadra kuona jina la enzi likifanya safari ya kwenda na kurudi namna hii.

Huko kaskazini, katika visiwa vya Lamu na Pate, tunakuta Fumo. Katika lahaja za kaskazini fumo ni mkuki, na wengi wamefasiri cheo hiki kwa mkuki huo. Sina hakika kwamba tafsiri hiyo yatosha, kwa maana Wachewa wa Malawi humwita mtawala wao mfumu, na huko hakuna mkuki wa kusingizia. Vyovyote iwavyo, wafalme wa Pate wa ukoo wa Nabahani walijivunia asili ya Kiarabu, na huku wakiitana Fumo na Bwana. Katika orodha zao wamo Fumomari, Bwana Mkuu, Bwana Tamu, Fumo Madi, Fumo Luti, na malkia mmoja, Mwana Khadija. Nasaba ni ya Oman, cheo ni cha Kibantu. Watu hawa walikuwa wakizungumza na raia zao, na raia zao walikuwa Waswahili.

Alama ya enzi hiyo ilikuwa siwa ya pembe za ndovu, ambayo pamoja na siwa ya shaba ya Lamu imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Habari za Pate zina kisa chake. Mwana Darini, mke wa mmoja wa wakuu waliopotezwa na Wareno, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando. Akaomba siwa ya ufalme, akanyimwa. Basi akamwita fundi, akaamuru ichongwe siwa nyingine ya pembe, akafanya sherehe yake. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama mfano wa fahari ya mwanamke wa kiungwana. Mimi nakiona kuwa kina jambo jingine zito. Mwana Darini hakukubali kwamba alama ya enzi ni mali ya aliyekalia kiti. Aliona kuwa alama ni ya nasaba, na aliye na nasaba aweza kuifanya upya. Walimnyima kitu, lakini hawakuweza kumnyima haki ya kukifanya. Ingekuwa Ulaya, mtu aliyejichongea alama ya kifalme bila idhini angekuwa na kesi ya kujibu.

Uzao huo huo wa Nabahani ulitoa mfano ulio wazi kabisa wa rai yetu. Ahmad, aliyejulikana kama Simba, alifukuzwa Pate na majeshi ya Unguja akahamia Witu, bara. Kwa Seyyid wa Unguja huyu alikuwa ni mwasi. Kwa watu wake alikuwa Bwana wao, aliyebeba cheo cha baba zake. Lakini mwaka 1885 wakaja ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakanunua ardhi kwake, na Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya Witu. Sasa mwasi hawezi kuuza nchi. Ilipasa muuzaji awe mfalme kamili, na katika maandishi ya Ulaya akawa Sultani wa Witu. Hakuongezewa raia hata mmoja, wala bunduki, aliongezewa msikilizaji. Mwaka 1890 Wajerumani walipobadilishana maeneo na Waingereza, wakipewa Heligoland, msikilizaji yule akaondoka. Mrithi wake, Fumo Bakari, akashambuliwa na jeshi la majini la Uingereza mwaka huo huo na mji wake ukachomwa. Usultani wa Witu ulidumu kadiri ulivyokuwa na mtu wa kuuandikia barua.

Mvita, mji wetu, ulionja jambo hili mapema zaidi. Baada ya ukoo wa Kishirazi kwisha, Wareno walimleta mfalme wa Malindi, rafiki yao, kutawala hapa, wakaanza kujenga Ngome mwaka 1593. Mjukuu wake Yusuf bin Hasan alipelekwa Goa akiwa mtoto, baada ya baba yake kuuawa, akalelewa na mapadri na kubatizwa. Aliporudi kutawazwa mwaka 1626 alikuwa Dom Jerónimo Chingulia, mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Cheo kirefu kuliko mamlaka yake, maana kila asubuhi ilimlazimu kuutazama mlango wa Ngome uliofungwa na kapteni wa Kireno. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia humo akamwua kapteni, akalirudia jina la Yusuf na dini ya baba zake. Mwaka uliofuata aliondoka kwa merikebu, na Wareno wakarudi. Tangu hapo Mvita haikupata tena mfalme. Wenyeji wakabaki chini ya wazee wao wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa, kila upande na Tamim wake. Katika hayo Tisa wamo Wamtwapa, ambao jina lao limetokana na mji wa kale uliong'ambo ya mlango wa bahari, hatua chache kutoka Shanzu.

Wareno walipofukuzwa mwaka 1698 likaja jina ambalo mimi naliona kuwa la ajabu kuliko yote, nalo ni liwali. Ni neno la Kiarabu, al-wali, mtu aliyetawalishwa na mwingine. Wamazrui waliletwa na maimamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi. Yaarubi walipoanguka, katikati ya karne ya kumi na nane, na Ahmad bin Said wa Al-Busaidi akawa imamu, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Aliuawa mwaka 1746, lakini nduguye Ali akaitwaa tena Ngome, na kwa karibu miaka tisini Wamazrui wakatawala Mvita bila ya kutumwa na mtu. Hata hivyo hawakujiita wafalme wala masultani. Waliendelea kuwa maliwali, mawakili wasio na mwenye kuwawakilisha! Kwa nini? Naona ni kwa sababu wasikilizaji wao walikuwa Thenashara Taifa, na watu hao walikuwa tayari kukubali mwamuzi kutoka nje, si mfalme mpya. Jina la unyenyekevu lilikuwa ndilo lenye nguvu. Mwaka 1824, walipobanwa na Seyyid Said, Wamazrui walipandisha bendera ya Mwingereza juu ya Ngome, na Kapteni Owen wa jeshi la majini akaukubali ulinzi huo bila ya idhini ya serikali yake. Bendera ikashushwa mwaka 1826. Mwaka 1837 wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kuhamishiwa Ghuba, na liwali akarudia maana yake ya kamusi, mtu wa Seyyid.

Na Seyyid mwenyewe? Ahmad bin Said alichaguliwa kuwa imamu, yaani kiongozi wa dini na dola kwa kauli ya wanazuoni wa Kiibadhi. Mwanawe Said alikuwa wa mwisho katika mstari huo kuchukua cheo hicho. Waliofuata walitawala Maskati kwa nguvu za biashara na merikebu bila ya kuchaguliwa, hivyo hawangeweza kujiita maimamu. Wakajiita Seyyid, maana yake bwana. Jina hili lilipovuka bahari lilikutana na mwenzake. Kwetu pwani, Seyyid alikuwa sharifu, mtu wa nasaba ya Mtume, kama Masharifu wa Hadhramaut waliokaa Lamu. Al-Busaidi hawakudai nasaba hiyo. Neno moja likawa na maana mbili katika sikio moja, na sidhani kwamba mtawala alikuwa na haja ya kuzitenganisha.

Wageni kutoka magharibi hawakuelewa lolote katika haya. Mara walimwita Said Imamu, cheo ambacho hakuwa nacho, mara Sultani. Tukumbuke kwamba baba yake aliitwa Sultan, na kwamba Said bin Sultan likisomwa na asiyejua Kiarabu halichelewi kugeuka Said, Sultani. Hata kama si hilo peke yake lililofanya kazi, sultani lilikuwa neno ambalo Ulaya ililizoea kutoka kwa Waturuki. Katika Kiarabu cha kale sultan si mtu. Ni nguvu yenyewe, mamlaka. Kwa jina hilo mtawala hana haja ya kuwa mwenyeji wala imamu. Nguvu inamtosha. Said alipofariki baharini mwaka 1856 na wanawe wakagombana, Lord Canning, gavana wa Uingereza katika Bara Hindi, aliamua mwaka 1861 kwamba Unguja na Maskati zitengane, na Unguja ilipe Maskati taji 40,000 kila mwaka. Hivyo akazaliwa Sultani wa Zanzibar, cheo kilichoandikwa Calcutta.

Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888 na kuzuru London mwaka 1875, alikijaza cheo hicho alama. Alianzisha nishani ya Nyota ya Zanzibar, ambayo jina lake la Kiarabu humkumbusha msomaji wa Kurani Aya ya Nuru. Alipiga pesa za shaba zenye picha ya mizani. Wafalme wa Ulaya hupeana nishani, naye akawa na ya kutoa. Dada yake, aliyekuwa Seyyida Salme nyumbani, alikwisha kuwa mke wa Mjerumani, na kitabu chake cha 1886 kikamwuza kwa wasomaji wa huko kama binti mfalme wa Kiarabu. Lakini bendera ilibaki ile ile ya babu zao, nyekundu tupu, isiyo na maandishi wala picha.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya pwani peke yake. Wafalme wa Uingereza walijiita wafalme wa Ufaransa tangu 1340, na maua ya Ufaransa yakakaa katika ngao yao mpaka 1801, karne nyingi baada ya kupoteza karibu kila shubiri ya nchi hiyo. Mwaka 1917, majeshi yao yakipigana na Wajerumani huku kwetu na Ulaya, George wa Tano aliliacha jina la Kijerumani la ukoo wake akachukua la Windsor, jina la ngome, na jamaa zake wakavua vyeo vya Kijerumani. Damu haikubadilika. Raia walikuwa wakisikiliza.

Turudi Shanzu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpimia Sultani mwambao wa maili kumi, na mwaka 1895 Seyyid Hamad bin Thuwaini akautia sehemu ya Kenya katika mikono ya Uingereza kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Sultani yalibaki kwa jina, na dalili yake ilikuwa ile bendera nyekundu juu ya Ngome, ambayo wakati huo ilikuwa gereza. Wakati koloni lilipotangazwa mwaka 1920, sisi wa mwambao hatukuwa koloni, tulikuwa himaya. Tofauti yote hiyo ilikuwa imening'inia katika kitambaa kimoja.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ilifanywa na neno jingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai katika mwambao ayathibitishe. Waliojua njia ya ofisini walipata hati. Ardhi isiyodaiwa, nayo ilikuwa pamoja na mashamba ya Wamijikenda wengi na Waswahili waliolima kwa ruhusa ya wazee, ikawa Ardhi ya Taji. Taji! Mwinyi alikuwa mtu. Seyyid alikuwa mtu. Hata Sultani, ingawa jina lake ni nguvu, alikuwa na uso. Sasa kofia ya mfalme ambaye hajapata kuiona Mtwapa ikawa na mashamba. Alama iliacha kumtambulisha mmiliki, ikawa ndiyo mmiliki.

Kiingereza kina neno moja kwa cheo cha mfalme na kwa hati ya shamba. Kiswahili hakina, na kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuona kwamba la kwanza lilikuwa likigeuzwa kuwa la pili. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, watu wa Mwambao walibishana vikali kuhusu bendera nyekundu: ibaki, ishuke, au pwani iwe na yake. Mwezi wa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Mawaziri Wakuu wa Kenya na Zanzibar, walipeana barua, na mapatano yakatiwa saini London. Kenya iliahidi kulinda mahakama za kadhi, na kuzitambua daima hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa. Juu ya ardhi zisizo na hati ahadi haikusema kitu. Tarehe 12 Desemba bendera ya Sultani ikaondoka kwetu. Zanzibar yenyewe, siku mbili kabla, ilikuwa imetia karafuu mbili katika bendera hiyo, nazo zikadumu mwezi mmoja tu, hadi mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Oman iliibadilisha ya kwake mwaka 1970. Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, alihama Uingereza akaenda Oman mwaka 2020, akafariki huko mwishoni mwa 2024.

Ardhi ya Taji iliitwa Ardhi ya Serikali. Babu yangu aliitwa katika ofisi moja, mimi nikiwa darasa la sita, nikaenda naye ili nimsomee karatasi. Karani alimwuliza kama ana hati. Akajibu kwamba yeye ni mwenyeji, na minazi ile ilipandwa na baba yake. Karani, kijana mwenye adabu, alimwita "mzee wangu", akampa kiti, akaandika. Nilipotazama daftari niliona kwamba katika safu iliyouliza cheo cha mkaaji, alikuwa ameandika: skwota.